Mchoraji, Duka na Mali Kauli: Uchambuzi wa Kisa cha Msanii Mmoja wa Dar es Salaam

Kwa nini kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mchoraji wa mtindo wa Tingatinga anayefanya kazi Dar es Salaam. Jina lake, kijiji alikotoka, mahali kilipo kibanda chake na majina ya wote aliofanya nao biashara yameondolewa, na viwango vya fedha vimeandikwa kwa makadirio ya karibu. Yeye mwenyewe ameridhia kisa kiandikwe. Nilikuwa miongoni mwa watu aliowaomba ushauri alipoanza kupanga hesabu zake, hivyo sehemu kubwa ya yaliyomo humu nimeyaona katika daftari lake au nimeyasikia kutoka kwake na kwa jamaa zake.

Nimekichagua kwa sababu kinakwenda kinyume cha mazungumzo yaliyozoeleka kuhusu wasanii wetu. Msanii akikwama, watu husema hana kipaji, hana mtaji au hajapata soko. Mchoraji huyu alikuwa na kipaji kinachokubaliwa na kila aliyekaa naye kibandani, na kazi zake zilikuwa zikinunuliwa mwaka mzima isipokuwa miezi ya masika. Hata hivyo, baada ya zaidi ya miaka kumi katika kazi, alikuwa hana akiba, ameichoka brashi, na alikuwa anafikiria kurudi kwao kulima korosho.

Chimbuko la mchoraji na la kazi yenyewe

Alizaliwa kusini mwa Tanzania, katika ukanda uleule uliomtoa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya hadibodi na kuviuza Oysterbay, Dar es Salaam. Tingatinga aliifanya kazi hiyo kwa takriban miaka minne tu, kwa kuwa mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Nyuma yake walibaki vijana wachache, wengi wao ndugu na jamaa, aliokuwa akiwafundisha kwa kuwaketisha kando yake wachore anachochora yeye. Vijana hao wakaendelea, wakawafundisha wapwa na watoto wao, na mwaka 1990 ushirika wa wachoraji ukasajiliwa rasmi. Sanaa hii, kwa maneno mengine, ilinusurika kifo cha mwanzilishi wake kwa sababu watu waliruhusiwa kuigana. Nalisema hili mapema kwa kuwa kuigana huko ndiko kulikokuja kumletea mchoraji wetu ugomvi mgumu kuliko wote.

Baada ya kumaliza darasa la saba alipokewa Dar es Salaam na mjomba wake, mchoraji wa siku nyingi. Mwaka wa kwanza hakuchora. Alikata hadibodi, aliosha brashi kwa tina, yaani kiyeyusho cha rangi, na alipiga rangi ya chini kwenye mbao za wengine. Karatasi moja ya hadibodi ya futi nne kwa nane hutoa mbao nane za mraba wa futi mbili bila kupoteza hata ukanda mmoja, na ndiyo maana ubao wa sentimeta 60 kwa 60 umekuwa kipimo kinachojulikana kwa kila mwenye kibanda. Alipoanza kushika brashi, alipewa tembo, kisha twiga, kisha kundi la pundamilia, na mjomba alimwambia aige mpaka mkono uzoee. Mkono ulizoea haraka. Ndani ya miaka mitatu maduka ya zawadi yalikuwa yakimwagiza yeye kwa jina, hasa picha ya simba watatu chini ya mbuyu, ambayo aliichora mara nyingi kiasi kwamba aliweza kuikamilisha huku akizungumza na wageni. Mbuga zenyewe alikuwa hajawahi kuzikanyaga.

Hali ilivyokuwa kabla ya 2020

Mapato yake yalipitia njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kibandani, ambapo mtalii alifika akiwa ameletwa na mtembezaji au dereva, na aliyemleta alidai fungu lake kabla mchoraji hajahesabu fedha. Njia ya pili, iliyobeba sehemu kubwa ya kazi zake, ilikuwa maduka ya zawadi ya mjini na Unguja, na huko kazi zilichukuliwa kwa mali kauli: mwenye duka anapokea mbao leo, analipa zitakapouzwa. Hakukuwa na maandishi. Ubao uliofifia dirishani au kukwaruzwa ulirudishwa kwa mchoraji kana kwamba haukuwahi kutoka, na uliouzwa ulilipwa siku ambayo mwenye duka alikuwa na nafasi.

Msimu wa watalii, kuanzia Juni hadi Oktoba na tena kuelekea mwisho wa mwaka, alichora usiku na mchana. Masika ilipofika, watalii walipungua, na hata kazi yenyewe iligoma. Rangi ya mafuta inayotumika katika Tingatinga inahitaji usiku mzima kukauka kabla ya kupandisha mnyama juu ya rangi ya chini, na usiku mwingine kabla ya kuweka vitone na mistari ya mwisho. Katika unyevu wa Aprili rangi hubaki inanata siku mbili au tatu, vumbi na vijidudu vikiganda juu yake. Ili kuzuia vumbi alifunga mlango na madirisha ya chumba alichopanga, akachora ndani ya harufu ya tina mpaka kichwa kikamuuma. Ukata wa masika aliufidia kwa kukopa kwa wenye maduka, na deni hilo lilikatwa katika kazi za msimu uliofuata. Hivyo kila Juni alianza akiwa anadaiwa na watu walewale waliopanga bei yake.

Tafsiri yake mwenyewe ya hali hii ilikuwa kwamba anakosa mtaji. Alikuwa amepanga kuomba mkopo afungue duka lake.

Mwaka 2020

Ugonjwa wa korona ulikatisha mpango huo. Mwezi Aprili 2020 safari za ndege za kimataifa zilisimamishwa, na ingawa anga lilifunguliwa tena katikati ya Mei, wageni hawakurudi kwa kasi. Nchi iliyopokea watalii zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 ilipokea takriban 620,000 tu mwaka 2020. Maduka yaliyokuwa na mbao zake yalifungwa, baadhi kabisa, na kwa kuwa hakuwa na karatasi yoyote inayoonyesha ni mbao ngapi ziko wapi, hakuwa na la kudai.

Aliishi kwa deiwaka. Alipaka rangi vibao vya maduka, akaandika majina kwenye mageti, na mwezi wa Julai akapata kazi ya kuchora kuta za shule moja ya chekechea. Kazi hiyo ya kuta ilikuwa na mambo mawili aliyokuwa hayazoei. Kwanza, mwenye shule aliuliza gharama kabla ya kazi na kutoa nusu ya fedha siku ya kwanza. Pili, hakuagiza simba. Alisema achore kitu ambacho watoto wanakijua, naye akachora mnada wa samaki wa Feri: mnadi amepanda juu ya meza akinyoosha mkono wenye changu, wachuuzi wamembana, mama lishe pembeni na karai la mafuta, na nyuma yao kivuko cha Kigamboni kimejaa watu. Alitumia ufundi wote wa Tingatinga, vitone, mistari minene na rangi zisizochanganywa, lakini kitu alichochora alikuwa amekiona kwa macho yake tangu ujana. Aliniambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kusahau kula mchana kwa sababu ya kazi.

Hesabu ya ubao mmoja

Uamuzi wa kwanza, na kwa maoni yangu uliozaa yote mengine, ulikuwa mdogo kwa sura: alinunua daftari. Kabla ya kuurudia mpango wa kuomba mkopo alitaka kujua duka lake lingelipa nini, na ili ajue hilo ilibidi kwanza ajue ubao mmoja unamgharimu kiasi gani. Hakuwahi kulijua jambo hilo. Wachoraji aliokulia kati yao walijua bei ya kopo la rangi na bei ya kuuzia ubao, na katikati palikuwa na kitu kilichoitwa faida bila kupimwa.

Tulikokotoa kwa bei za wakati ule. Ubao wa 60 kwa 60 ulilipwa na maduka shilingi 25,000. Kipande cha hadibodi kilikuwa shilingi 3,500. Rangi, tina, vanishi na sehemu ya gharama ya brashi, ambazo huisha haraka kuliko wachoraji wanavyokiri, zilifika 5,000. Mchango wa kibanda na usafiri wa kupeleka kazi dukani ulikuwa kama 3,000. Gharama ikawa 11,500, na kazi yenyewe, ukiondoa saa za kusubiri rangi ikauke, ilichukua siku moja na nusu. Mpaka hapo aliona anabakiwa na 13,500 na akaridhika. Nikamwomba akumbuke mbao kumi za mwisho alizopeleka kwa mali kauli. Mbili hazikulipwa kamwe.

Mbao kumi ziligharimu 115,000. Mbao nane zilizolipwa zilileta 200,000. Kilichobaki kilikuwa 85,000 kwa siku kumi na tano za kazi, yaani pungufu ya shilingi 6,000 kwa siku, wakati kibarua wa saidia fundi katika ujenzi wa jirani alikuwa akilipwa 10,000 au zaidi jioni ileile ya siku aliyofanya kazi. Alikaa kimya muda mrefu akiiangalia namba ile, kisha akarudia hesabu mwenyewe kwa kalamu nyingine.

Hesabu hiyo ilibadilisha swali. Mtaji wa duka usingemsaidia mtu ambaye kila ubao anaoutoa unamlipa chini ya kibarua. Alichokosa kilikuwa uhusiano na mnunuzi. Mbao zake ziliuzwa na maduka kwa 60,000 hadi 70,000, na mwenye duka ndiye aliyejua nani amenunua, ametoka wapi, amependa nini na angelipa kiasi gani. Mchoraji alijua tu kwamba simba wamekwisha, aongeze.

Maamuzi yaliyofuata

Hakuacha kuchora simba. Wapo waliomshauri aachane kabisa na kazi za watalii ili awe, kama walivyosema, msanii halisi, na nilifurahi kwamba hakuwasikiliza. Alikuwa na watoto wawili na kodi ya nyumba. Isitoshe, hakuna aibu katika msanii kula kutoka mahali pengine. Tingatinga mwenyewe alifanya vibarua katika mashamba ya mkonge na baadaye aliajiriwa Hospitali ya Muhimbili. Alichofanya mchoraji wetu ni kuigawa wiki. Siku nne alizitoa kwa kazi za mkate, yaani wanyama na vibao vya biashara, na siku mbili kwa michoro ya mjini: Feri, daladala, foleni ya maji, saluni za uswahilini. Sharti alilojiwekea ni kwamba siku hizo mbili haziuzwi hata oda ikiwa kubwa kiasi gani. Katika mwaka wa kwanza alilivunja sharti hilo mara kwa mara, lakini kila alipolivunja aliandika, na maandishi hayo yalimwonyesha kwamba oda zilizomla siku zake zilikuwa karibu zote za mali kauli.

Mali kauli nayo aliipa masharti. Duka lisilosaini orodha ya mbao, bei na tarehe ya kulipa halikupewa kazi. Maduka mengi yalikataa, na mmoja wa wenye maduka alimwambia kwamba wachoraji ni wengi kama mchanga wa ufukwe wa Coco. Alibaki na maduka matatu. Wakati huohuo alianza kuandika nyuma ya kila ubao namba, tarehe na jina la picha, akiupiga picha kwa simu kabla haujatoka, na kila aliyenunua moja kwa moja kwake aliombwa aandike jina na mawasiliano katika daftari la wanunuzi. Kuhusu fedha, alikuwa na kauli moja aliyoisema kibandani mpaka vijana wakaikariri: hela ya rangi hailiwi. Kila malipo yalipoingia, gharama ya vifaa ilitengwa kwanza, fungu lingine likaenda kununua hisa za VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopeshana, msimu wa watalii ili masika apate pa kukimbilia bila kumpigia magoti mwenye duka.

Ugomvi wa mnada wa samaki

Ubao wa kwanza wa mnada wa Feri uliuzwa kwa mnunuzi anayeishi Dar es Salaam kwa shilingi 250,000, mara kumi ya bei ya simba. Habari ilizunguka. Kabla ya mwezi kwisha, minada ya samaki ilikuwa imetundikwa katika vibanda vinne, na bora kati yake, yenye mnadi yuleyule juu ya meza ileile na kivuko kilekile nyuma, ilikuwa ya binamu yake, mtoto wa mjomba aliyemlea. Bei yake ilikuwa 40,000.

Kisheria alikuwa na nguvu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailindi mtindo, kwa hiyo hakuna awezaye kumzuia mwingine kuchora kwa vitone au kuchora soko la samaki. Lakini inalinda mchoro wenyewe jinsi ulivyopangwa, tangu unapochorwa, kwa maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Picha zake za simu zenye tarehe zingetosha kuwa ushahidi. Rafiki mmoja alimhimiza aende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, siku hiyohiyo.

Hakwenda. Alikwenda kwa mjomba jioni, akaamkia, akakaa, na mazungumzo yakachukua muda kabla ya kufika kwenye jambo. Mjomba alimsikiliza kisha akasema, "Mpwa wangu, mimi nilikufundisha kwa kukuachia uige. Simba wako wa kwanza walikuwa wangu. Leo unamfungia nani mlango?" Naye akajibu, "Mjomba, mlango siufungi. Simba nilioiga niliwauza kwa bei yako, sikukushushia. Huyu ndugu yangu anauza Feri kwa bei inayoniua mimi na yeye."

Jibu hilo, nadhani, ndilo lililofungua njia, kwa sababu liliitoa hoja kwenye umiliki, ambao mila ya kibandani haiutambui sana, na kuiweka kwenye heshima ya bei, ambayo kila mchoraji anaielewa. Walikubaliana mambo machache mbele ya wazee wa kazi. Picha za wanyama zitabaki shamba la wote, na vijana wataendelea kujifunzia humo. Picha mpya iliyobuniwa na mtu haitaigwa kwa ajili ya kuuzwa mpaka mwenyewe aruhusu. Akiruhusu, mwigaji ataweka jina lake mwenyewe na hatashuka chini ya bei iliyotajwa. Binamu alikubali kwa shingo upande.

Mkataba wa hoteli

Mwaka 2022 hoteli moja ya pwani iliagiza mbao 40 kwa ajili ya vyumba, na ikataka pia haki zote za kuchapisha michoro hiyo kwenye kadi, fulana na vikombe. Mkataba ulioletwa ulikuwa wa kurasa nyingi kwa Kiingereza. Aliomba kupewa siku chache, akatafuta mtu wa kumsomea, kisha akarudisha karatasi moja ya Kiswahili: anauza mbao, nusu inalipwa kabla, ruhusa ya kuchapisha kadi pekee inatolewa kwa miaka miwili kwa ada inayotajwa, mengine yote yanabaki kwake. Hoteli ilikubali mbao na malipo ya awali, ikaachana na uchapishaji. Kwa hiyo alikosa fedha ya kadi, na mkewe hakumficha kwamba aliona ni ukaidi.

Mbao 40 kwa miezi mitatu zilimzidi. Aliwachukua vijana wawili, akawalipa kwa kila ubao, na hapo likazuka swali la saini. Desturi ya vibanda vingi ni kwamba mwenye oda ndiye anayetia jina. Yeye aliamua kwamba ubao uliochorwa na kijana utiwe jina la kijana, akaieleza hoteli, nayo haikupinga kwa kuwa ilichotaka ni mbao zinazofanana kwa ukubwa na rangi.

Matokeo

Miaka mitatu baada ya kununua daftari, mapato yake ya mwezi mzuri wa msimu hayakuwa makubwa kuliko yale ya kabla ya 2020. Pengine yalikuwa pungufu kidogo, kwa kuwa anachora mbao chache. Tofauti ilionekana Aprili na Mei. Deni la maduka lilikwisha, na masika ya mwaka wa tatu aliipitisha kwa VICOBA, kazi za kuta na mauzo machache kwa watu waliomo katika daftari la wanunuzi, ambao wengi wao ni wakazi wa Dar es Salaam na hawana msimu. Michoro ya mjini huuzwa polepole, michache kwa mwaka, lakini kwa bei anayoitaja yeye. Kituo kimoja cha wasanii kilimwalika aonyeshe kazi zake pamoja na wachoraji wasio wa Tingatinga, na kwake yeye maonyesho hayo yalikuwa na thamani kuliko mauzo, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu walisimama mbele ya kazi yake wakabishana kuhusu alichokusudia.

Mauzo ya nje kupitia mitandao ya kijamii yalishindikana. Walioulizia walikuwa wengi, lakini ubao wa hadibodi ni mzito na hupasuka pembe, na gharama ya kuusafirisha kwa usalama ilizidi bei yake. Alijaribu kuhamia kitambaa kinachoweza kukunjwa kama bomba, akagundua kwamba rangi ya mafuta ikipigwa nene juu ya kitambaa hupata nyufa inapokunjwa. Bado anatafuta unene unaofaa.

Uchambuzi

Watakaosoma kisa hiki wataelekea kumpongeza kwa kuanza kuchora vitu vyake mwenyewe, na kweli hapo ndipo furaha ya kazi iliporudi. Lakini mimi naona mnada wa Feri ungekufa kibandani kama hesabu ya ubao haikuutangulia. Kabla ya hesabu hakuwa na siku mbili za kutoa, kwa kuwa hakujua ni kazi ipi inayomla bure. Alipoacha mbao za mali kauli zisizolipwa, hakupoteza kipato chochote. Alipata muda ambao tayari ulikuwa wake. Wasanii wengi huambiwa watafute muda wa kujiendeleza kana kwamba muda huo umelala mahali unasubiri kuokotwa. Kwa huyu ulipatikana mahali mahususi, katika mbao mbili kati ya kumi.

Daftari la wanunuzi lilifanya kazi kwa sababu nyingine. Mtalii hununua mara moja maishani, hivyo mchoraji anayemtegemea mtalii pekee huanza upya kila asubuhi. Mkazi wa Masaki au Sinza aliyenunua Feri anaweza kurudi, kumleta dada yake, au kumwita achore ukuta. Majina katika daftari lile hayajafika mia, na yanatosha kubadilisha masika. Udhaifu wake ni kwamba lipo daftari moja tu, la karatasi, katika chumba kinachovuja. Nimemsihi alipige picha kurasa zake zote; mpaka naandika haya amepiga nusu.

Suluhu ya kibandani na binamu siwezi kuiita ushindi kamili. Imeheshimiwa na wachoraji wa vibanda vya karibu, lakini minada ya Feri inaonekana hadi leo katika maduka ya mbali ambako neno la wazee halifiki. Wapo watakaosema sheria ingefika. Naheshimu hoja hiyo, na kwa kampuni iliyochapisha mchoro wake kwenye fulana bila ruhusa ningemshauri aende COSOTA bila kusita. Kwa binamu, kesi ingemnyima mjomba, kibanda, na vijana waliomsaidia kumaliza mbao za hoteli, na bila hao asingekuwa na mahali pa kuchorea. Msanii wa mila hii hafanyi kazi peke yake hata anapobuni peke yake, na mipango ya riziki yake haina budi kulizingatia hilo.

Katika mkataba wa hoteli, uamuzi wa kutouza haki zote ulikuwa sahihi, nami sikubaliani na waliouita ukaidi. Ada iliyokuwa mezani ilikuwa ndogo kuliko bei ya mbao tatu. Kosa lilikuwa kukubali mbao 40 kwa miezi mitatu. Siku mbili za michoro ya mjini zilitoweka kipindi chote kile, maumivu ya kichwa yakarudi, na ilichukua wiki kadhaa baada ya hapo kabla hajashika ubao wake mwenyewe. Sharti la kugawa wiki halikuwa na kifungu cha oda kubwa. Sasa analo: oda inayozidi mbao kumi kwa mwezi inaongezwa muda au inagawanywa kwa wenzake kwa majina yao.

Jambo ambalo halijaguswa kabisa ni afya na uzee. Anachora ameinama saa nyingi, anavuta harufu ya tina, na macho yake ndiyo chombo chake cha kazi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hupokea wanachama waliojiajiri kwa michango ya hiari, na bima ya afya ipo kwa anayeweza kuilipia, lakini hakuna hata moja iliyomo katika ile hesabu ya 11,500. Tulipoirudia hesabu hivi karibuni kwa bei za sasa, tuliongeza mistari miwili: mchango wa hifadhi na barakoa yenye kichujio. Bei ya simba inapanda kwa shilingi elfu chache, na kati ya maduka matatu yaliyobaki, mawili yamekubali.